Nitabadilisha Jumamosi

Wiki nzima ile sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikifika nje nasahau nilikuwa naenda wapi. Binti yangu Joselyne akaniambia, "Papa, unazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza mlango." Yeye ndiye alikuwa na tumbo la miezi minane na nusu, lakini aliyekosa usingizi ni mimi.

Shida ilikuwa pikipiki mbili. Moja mpya, ya umeme, kwenye duka nyuma ya soko la Kimironko. Nyingine ya mafuta, imeshatumika miaka sita, iko Kicukiro kwa mtu anaitwa Gakwaya. Pesa niliyokuwa nayo ni ya kiwanja kidogo ambacho marehemu mke wangu aliachiwa na baba yake. Ilitosha moja tu. Kiwanja kikishauzwa hakirudi, kwa hiyo nikikosea, nimekosea moja kwa moja.

Sisi tunaishi bondeni, chini ya Kinyinya. Kutoka kwetu mpaka lami ni mlima wa udongo mwekundu, mrefu, na katikati kuna kona moja mbaya. Wakubwa wameipima barabara ile mara tatu. Walikuja na vyuma vyao vya miguu mitatu, wakachora alama nyekundu kwenye kuta zetu, wakatuita mkutanoni, tukapiga makofi. Alama bado ziko. Lami haiko. Huko juu wanajenga maghorofa, malori yao ya mchanga yanaichimba njia yetu, halafu mvua inamalizia. Ukiita gari la wagonjwa linasimama juu kwenye lami, wanakwambia mleteni mgonjwa.

Ndivyo alivyokufa mke wangu, Spès. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Presha ilimpanda mpaka akashindwa kunishika kiuno, jirani akamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge kama mtoto mchanga. Pikipiki yangu ya wakati ule ikafika kwenye kona ikakwama. Watu walimbeba mikononi mpaka juu, na alipofika juu hakuhitaji gari tena. Msibani nikawaambia wote: barabara imeua mke wangu, na barabara ina wenyewe. Nimesema hivyo miaka miwili. Nilisema mbele ya padri. Nilisema mbele ya kiongozi wa mtaa mpaka akachukua kofia yake akaenda.

Pikipiki ile niliiuza kama chuma chakavu, nikawa mlinzi kwenye jengo. Sasa jengo limekwisha, wamenishukuru kwa barua. Joselyne naye amerudi kwangu kujifungua, maana mume wake ni utingo wa malori ya Dar, leo yuko mpakani, kesho hujui. Niliapa kuwa mtoto huyu wa Spès hatapanda mlima ule kwa miguu. Pikipiki nitakayonunua itamfikisha kwenye lami siku yake, iwe mvua iwe jua. Mambo ya kurudi kwenye umotari, kazi ya kubeba abiria, yalikuja nyuma ya hilo.

Moyo wangu ulikuwa kwa ile ya mafuta hata kabla sijaiona. Wakubwa wameamua kwamba pikipiki ya mafuta haiandikishwi tena upya kwa kazi ya abiria, zenye karatasi za zamani ndizo zinaachwa zizeeke. Sasa mimi ukiniambia lazima, mguu unarudi nyuma wenyewe. Halafu hii ya umeme, betri si yako. Unanunua chuma, betri ni ya kampuni, ikiisha unaenda kituoni kwao wanakuwekea nyingine. Ni kama kuoa mwanamke anayekuja kwako mchana tu, jioni moyo wake unarudi kulala kwa baba yake.

"Nenda kwanza ujaribu," Révérien aliniambia. "Kutukana hakuishi, hata kesho utatukana."

Révérien ni fundi wa pikipiki Kimironko. Tulikua pamoja Buyenzi, kule Bujumbura, kabla wazee wetu hawajaturudisha huku nchini kwetu, ndiyo maana mpaka leo tukikutana Kiswahili kinatoka chenyewe. Ana kilo tisini na kitu. Nilimchukua kwa ajili ya ufundi wake na kwa ajili ya kilo zake.

Jumatatu tukaenda dukani. Muuzaji ni binti mmoja aliyekulia Uganda, Trinah, anacheka kabla hujasema.

"Karibu mzee wangu. Hii hapa, betri imejaa kabisa."

"Sitaki iliyojaa. Niwekee inayokaribia kuisha."

"Eh! Wenzako wananigombeza niwape iliyojaa, wewe unaomba makombo?"

"Binti, anayeuza pikipiki kuukuu huiwasha kabla hujafika, usijue inavyoamka. Anayeuza mpya anakupa betri imeshiba. Mimi nataka kumwona kila mmoja na njaa yake."

Alimwangalia Révérien. Révérien akainua mabega. "Mpe tu, mama. Huyu hata maji ya kunywa anayakagua."

Akaniwekea betri ya asilimia ishirini, nikaacha kitambulisho. Révérien akapanda nyuma, springi zikalia.

"Unibebe kwa adabu," akasema. "Leo mimi ni mke wa mtu."

Tulipofika bondeni, kioo cha betri kinasema asilimia kumi na mbili. Nikasimama, nikatoa kitenge kwenye mfuko wa plastiki.

"Hicho cha nini?"

"Jifunge kwangu. Usinishike. Usiniegemee kwenye kona wala usinisaidie. Kaa kama mzigo."

Utani ulimwisha. Alijifunga, nikasikia tumbo lake linapumua mgongoni kwangu. Tukapanda. Pikipiki ile haikulia, haikukohoa. Nilisikia kuku wa watu, nilisikia mwanamke anamwita mwenzake ng'ambo. Kwenye kona ikapunguza kidogo, ikapita. Juu kwenye lami kioo kikasema tisa.

"Imepita," Révérien akasema.

"Nimeona."

"Sasa umenuna nini?"

"Haina sauti. Mtu atagongwa hajui nani kamgonga."

"Hapo umekosa la kusema, ndugu yangu."

Kweli nilikosa, na ndicho kilichonikera. Nilitaka ishindwe. Usiku mzima nikageuka kitandani nikiisubiri ile ya Kicukiro inipe haki yangu.

Gakwaya alisema twende saa tatu asubuhi. Mimi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni kwake, Révérien nyuma yangu anapiga miayo. Pikipiki iko uani, chini ya bati. Kabla ya salamu nikaweka kiganja kwenye injini. Baridi kama jiwe la mtoni. Nikampenda yule mtu kabla sijaona sura yake.

Akatoka na singlendi, mswaki mdomoni. "Mzee, nilisema saa tatu!"

"Nimekosa usingizi."

"Na huyu naye amekosa?"

"Huyu amenyang'anywa," Révérien akasema.

Nikapiga kiki. Ya kwanza, kimya. Ya pili ikashika, na ile sauti ikaniingia tumboni kama chai ya moto. Tukapanda nayo kilima cha nyuma ya kwa Gakwaya mara mbili, Révérien na kitenge chake, ikapanda yote. Nilirudi nikicheka peke yangu. Karatasi zote ziko sawa, kwa jina lake mwenyewe. Mafuta natia popote, moyo wake ni wangu. Nikamwambia Gakwaya: tumepatana.

Kwetu mauziano hayakai bila kinywaji. Mkishapatana mwenye mali anatoa bia, mnakunywa mbele ya shahidi, na ukishameza huwezi kurudi nyuma. Gakwaya hakuona haya kwamba ni saa mbili asubuhi. Akaleta chupa tatu, akazifungua kwa meno, akanipa yangu. Ya shahidi akaitafutia shahidi, shahidi hayupo. Révérien alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma.

"Njoo uone," akasema.

Alitia kidole kwenye cheni, pale inapozunguka meno ya nyuma, akaivuta. Ikaachana na meno. Ungeweza kuona ua wa jirani katikati. Bolti za kukazia zilikuwa zimefika mwisho, hakuna pa kukaza tena.

"Cheni hii imekufa. Siku moja itaruka."

"Cheni?" Gakwaya akasema. "Cheni ni kazi ya nusu saa! Watu wazima mnasumbuka na cheni?"

"Haina neno," nikasema mimi, na chupa nikaipeleka mdomoni. "Nitabadilisha Jumamosi."

Révérien hakuinuka. Kidole chake bado kiko kwenye cheni. Alinitazama kutoka kule chini.

"Umesema siku gani?"

Mkono ukasimama na ile chupa.

Hili sijawahi kulisema, na sasa naliandika. Miaka miwili nyuma, Jumatatu ya wiki aliyokufa Spès, nilipita kwa Révérien anitazamie breki. Alivuta cheni yangu kwa kidole kile kile. Akasema iache hapa, inaruka meno hii. Mimi nilikuwa na abiria wananingoja sokoni. Nikamwambia, nitabadilisha Jumamosi. Spès akaugua Alhamisi. Pale kwenye kona matope yalikuwepo, ndiyo, lakini gurudumu halikuzama. Niliisikia cheni ikiruka meno. Khaa! Halafu injini ikapiga kelele bure na sisi hatuendi, na uzito wa mke wangu ukanivuta nyuma. Waliokuja mbio waliona matope, wakasema barabara, nami nikasema barabara.

Révérien alikuwepo msibani. Alinisikia. Alinisikia kila mara, miaka miwili.

"Kumbe unajua," nikamwambia.

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ingekusaidia nini?"

Gakwaya anatutazama, huyu na huyu. "Jamani, kuna nini? Bia inapata moto."

Nikaweka chupa chini, sijameza. Povu likamwagika juu ya kiatu. Wale wenye barabara siwaachii. Wao ndio waliopima mara tatu, na alama yao nyekundu naiona kila siku nikitoka nje. Barabara ni yao. Cheni ilikuwa yangu.

"Ninaibadilisha mimi mwenyewe leo leo," Gakwaya akasema. "Mpya kabisa, juu yangu."

"Bwana, pikipiki yako haina kosa. Ni nzuri."

"Sasa?"

"Mnunuzi ndiye mbovu."

Hakuelewa, nami sikuweza kumwelezea. Pikipiki kuukuu inasema kila wiki: leo cheni, kesho breki, keshokutwa klachi. Inataka mtu anayeitika siku hiyo hiyo. Mimi nimejiona, naitika Jumamosi. Na Joselyne alikuwa amebakiza siku chache.

Révérien akainuka, anafuta kidole kwenye suruali. Akaitazama chupa yake. "Na hii?"

"Iache."

"Hata nusu?"

"Iache, Révérien."

Jumatano nikarudi kwa Trinah. "Leo nipe iliyojaa," nikamwambia. Alicheka. Mimi sikucheka. Mpaka leo kulipia betri isiyo yangu kunaniuma, na nikipita kituoni kwao nawaambia hivyo usoni.

Jumapili ya wiki iliyofuata, asubuhi, watu wanatoka misa ya kwanza, Joselyne akaniita kutoka ndani kwa sauti ambayo sikuijua. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Niliitoa pikipiki uani, nikachuchumaa, nikatia kidole kwenye cheni.

"Papa, unafanya nini? Hiyo ni mpya!"

"Najua."

"Papa, twende!"

Nikaivuta mara ya pili, upande wa chini pia. Haikuachana na meno hata upana wa unywele. Jirani yule yule akaja na kitenge, akafunga mara mbili, akakaza fundo kifuani kwangu bila kuniangalia.

"Imewaka?" Joselyne akaniuliza sikioni. "Mbona siisikii?"

"Imewaka. Pumua."

Tukaanza kupanda. Alama nyekundu zilipita kulia, zikapita kushoto. Tumbo lake lilikuwa gumu mgongoni kwangu, likikaza na kulegea. Kwenye kona matope yalikuwa yale yale, maana hakuna aliyeyatoa. Nikainamisha kichwa nikasikiliza. Injini haina sauti, kwa hiyo nilikisikia kitu kimoja tu, chini ya miguu yetu, meno kwa meno: cheni, inazunguka.