Ngozi Iliyozoea Upupu

Mama Panga alifika chini ya nyaya za umeme umande haujakauka, akavuta mikono ya shati hadi vidoleni, maana glavu hazikuwapo. Kazi yake na wenzake ilikuwa kufyeka kichaka kisiguse nyaya, na nusu ya kichaka chenyewe ilikuwa upupu.

"Glavu ziko njiani," alisema msimamizi, kama kawaida yake. "Na ngozi ina akili, itazoea."

Mumewe alikuwa mfyekaji hapo hapo. Upupu ulimwingia machoni, akawa anajifikicha huku anatembea, akaporomoka bondeni, akafa. Tangu hapo, kila Mama Panga alipowashwa, marehemu alikuja jioni, akachota majivu jikoni, akampaka mgongoni, kisha akaondoka bila kugusa chai. Majirani walimsalimia. Walichonung'unikia ni majani aliyokuwa akiyaacha mlangoni.

Miaka ikaenda na ngozi, loo, ikazoea kweli. Vipele vilipopungua, mume naye akawa anapaka upesi upesi, kama mtu mwenye safari. Mwishowe hakuja. Mama Panga alijisugua maganda ya upupu shingoni, mapajani, hata kwapani, mtu mzima na akili zake. Wapi! Alikaa na bakuli la majivu mpaka chai ikapoa. Alimtaka mumewe, basi.

Siku moja Mcheko, mfyekaji mgeni aliyeitwa hivyo kwa kutokaukiwa na kicheko, alikuja amevimba mikono.

"Jana nimewashwa, Mama, nusura nijichune! Bahati kuna mzee alikuja kunipaka majivu. Mpole huyo!"

Mama Panga aliendelea kufyeka. "Shati gani?"

"La buluu. Kifungo cha kifuani hakipo."

Kifungo hicho Mama Panga alikuwa amesema angekishona mume akirudi kutoka kazini, siku ile aliyoporomoka. Kwa wivu akatema mate pembeni.

Jioni alimpelekea Mcheko kifungo, na sindano yenye uzi tayari. "Akija, mshonee. Usimwambie avue shati, ana haya. Na mwambie sijapona, nimezoea tu."

Asubuhi alimngojea njiani. "Kasema nini?"

"Kashukuru kwa kifungo," alisema Mcheko, akijikuna. "Halafu kaniambia nisikae hapa mpaka nizoee."

Msimamizi alipita akasema glavu ziko njiani. Wakavuta mikono ya mashati, wakaingia kichakani.