Vidonge vya Profesa

Tangu kidole gumba cha mguu wake kivimbe ghafla akalia mbele ya wanawe, fundi rangi alijifanya bingwa wa viungo. Daktari alimwambia ni jongo, akampa vidonge na kumkataza nyama. Basi, mtaa mzima ukakoma. Kila mwenye goti bovu alipewa somo. Wakambatiza Profesa, naye, maskini, akadhani ni sifa.

Mkewe alikuwa msusi, na mkono wake ulisifiwa kwa wepesi. Vidole vilipoanza kuvimba na kukaza kila asubuhi, vya mikono yote miwili, Profesa hakuviangalia hata vizuri.

"Jongo hilo, mama watoto. Kwani mimi silijui?"

Akamgawia vidonge vyake. Miaka miwili, jamani! Miaka miwili mwanamke alimeza dawa ya mwenzake na kushindia mboga za majani, huku Profesa mwenyewe akirudi kazini midomo inang'aa mafuta ya nyama. Vidole havikupoa. Wateja wa asubuhi aliwasogeza hadi saa nne, kisha saa sita, kisha wakajisogeza wenyewe kwa msusi wa ng'ambo ya barabara. Akitaja hospitali, mume anakuja juu: kumbe hamwamini?

Siku chanuo lilipomponyoka mara tatu kichwani mwa mteja, alijifunga mtandio akaenda peke yake.

Daktari, binti mdogo tu, alimbonyeza kifundo kimoja kimoja.

"Asubuhi vinakaza kwa muda gani?"

"Mpaka saa nne."

"Na mikono yote sawasawa. Mama, hili si jongo. Jongo huja ghafla, mara nyingi kwenye kiungo kimoja. Wala si kule kusagika kwa viungo kwa umri. Hii ni baridi yabisi. Kinga ya mwili wako inavishambulia viungo vyako." Akainua picha ya eksirei ya mikono kwenye mwanga. "Hapa mfupa umeshalika. Dawa itazuia usiendelee kulika, lakini ulioliwa haurudi. Ungekuja mapema..."

Akaishia hapo, akamwandikia dawa.

Nyumbani Profesa alisikiliza yote ameinamisha kichwa.

"Nilitaka kukusaidia, mama watoto."

"Najua. Ungekuwa adui yangu ningekukimbia mapema."

Aibu ya Profesa haikudumu. Aliokota chupa ya dawa mezani, akaitupia jicho. "Kimoja kila asubuhi, kama vyangu."

"Mara moja kwa wiki! Daktari kasema mara moja kwa wiki! Lete hapa!"

Alimpokonya. Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Kuanzia leo, alimwambia, dawa zake atazishika mwenyewe, na ole wake azitie mkono.

Akashika kifuniko, akazungusha. Akajaribu kwa viganja, akajaribu kwa meno. Profesa alisimama mikono nyuma, kama alivyoamriwa.

Mwishowe mkewe akamrudishia chupa amfungulie.