Tangazo Rasmi la Alama za Noé

Nakiri mbele ya umma kwamba nilikusudia kudanganya.

Binamu yangu Noé ana miaka kumi na minane, uso wa shemasi, na daftari tatu zilizojaa michoro ya madaraja. Alifanya mtihani wa SAT mara mbili ili aombe nafasi katika chuo kimoja cha Marekani ambacho huwasomesha bure wasio na uwezo. Tovuti ya chuo hicho ina jedwali: wengi wanaochaguliwa wana 1470 au zaidi. Machi Noé alipata 1340. Oktoba akapata 1400. Akafunga kompyuta, akamwambia mama yake, Maman Euphrasie, kwamba matokeo bado hayajatoka. Mimi nilijua ukweli kwa sababu nilifungua droo yake nikitafuta chokoleti, nikakuta karatasi za matokeo yote mawili.

"Siombi," aliniambia. "Zimebaki siku tatu za kutuma maombi. Ziache ziishe."

Tangu siku hiyo hakucheka tena, na mimi siwezi kuishi na mtu asiyecheka.

Nimesoma bweni kwa masista, Kigoma, miaka minne. Huko matokeo yalisomwa mbele ya shule nzima, na niliwahi kubandika orodha ya bandia iliyompa paka wa jikoni nafasi ya tatu. Nilifagia ukumbi mwezi mzima. Paka hakuguswa.

Basi Jumapili, baada ya misa, katika fleti yetu ya Saint-Gilles, huku ughaibuni, nilijifunga kitambaa cha meza mabegani, nikapanda juu ya kiti, nikakohoa. Kwa ajili ya utani nilichukua alama ya hesabu ya Machi na ya kusoma ya Oktoba, zile zilizopendeza.

"Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe! Noé: hesabu, 780. Kusoma na kuandika, 710. Jumla 1490 kati ya 1600. Asilimia tisini na tatu!"

Maman Euphrasie aliangusha mwiko.

"Quatre-vingt-treize? Kwetu Bukavu hata wenye soixante, sitini tu, banawabeba ku mabega!"

Kabla sijashuka alikwisha kunyakua kopo la poda ya mtoto na kummwagia Noé kichwani, kama wanavyofanyiwa Kongo waliofaulu mtihani wa taifa. Akapiga vigelegele. Jirani wa juu, Madame Hilde, akagonga sakafu yake.

Noé akasimama, mweupe mpaka kwenye nyusi.

"Maman, Ornella anadanganya! Amechanganya mitihani miwili. Wa pili unafuta wa kwanza, kama hapa shuleni: ukirudia somo, alama ya zamani imekufa. Nina 1400. Haitoshi."

Maman akakaa polepole.

"Donc uliniambia hayajatoka."

"Niliona haya, Maman."

Wakati huo, nasema bila mzaha, ningebadilishana nafasi na yule paka.

"Bon," akasema Maman. "Leta hiyo machine. Nionyeshe pale banakufukuza. Nataka nione na macho yangu."

Noé akafungua fomu, vidole vikiacha alama nyeupe kila alipogusa. Kisanduku cha kwanza: alama yako ya juu kabisa ya hesabu, na tarehe uliyoipata. Cha pili: alama yako ya juu kabisa ya kusoma na kuandika, na tarehe uliyoipata. Akakunja uso. Akafungua ukurasa wa chuo, safari hii akapita chini ya jedwali, akasoma kwa sauti:

"Tunachukua alama ya juu ya kila sehemu, hata kama zilipatikana siku tofauti."

"Soma tena," akasema Maman.

Akasoma tena.

"Ile ya Machi haikufa," akanong'ona.

Maman akanigeukia. "Ornella, ulijua?"

"Hapana, Maman. Naapa, nilikuwa nadanganya."

"Lakini bado wanaweza kunikataa," akasema Noé.

"Bon, bakukatae bo benyewe. Hiyo si kazi yako. Andika."

Akaandika 780, Machi. Akaandika 710, Oktoba. Insha, kumbe, ilikuwa tayari tangu Novemba. Shemasi naye ana siri zake. Saa kumi na moja jioni akabonyeza kutuma, na poda ikamdondoka puani juu ya kibodi.

Hivyo tangazo langu rasmi likageuka kuwa la kweli, aibu ambayo haijawahi kunipata tangu nizaliwe. Nilikuwa nikiliomboleza nilipomwona Noé amelishika kopo la poda, bado lina robo, akinitazama.

"Na wewe umefaulu," akasema.

Nilikimbilia ngazini na kitambaa cha meza mabegani. Nyuma yangu alikuwa anacheka kwa sauti kubwa kiasi kwamba Madame Hilde aligonga tena.