Bundi na Hati ya Kubaki

"Mwenyewe amehama," alisema jirani, mikono kiunoni, ameujaza mlango wa mwenzake kama kabati. "Tangu juzi."

Tarishi wa mahakama alichungulia juu ya bega lake. Sufuria ilikuwa ikichemka jikoni, na gauni lililoshonwa nusu lilikuwa bado juu ya meza. Angecheka, lakini adhuhuri ilikuwa inakaribia na dalali wa kuifunga nyumba ile alikuwa njiani.

Mtaa mzima ulimwita Bundi. Hawakumchukia, ni vile popote alipotua, kilio kilifuata. Alikuwa amezeeka akipeleka hati za hakimu kwa miguu, na huko masjala walizipa hati hizo sifa kama wafugaji wanavyowapa ng'ombe wao majina. Hati kavu ni ya kudai. Hati kali huja na askari nyuma yake. Hati chungu humtoa mtu nyumbani kwake. Ipo hata hati yatima, ambayo mwenyewe amekwisha kufa. Hati njema haikuwa na sifa yoyote, maana haikupita mikononi mwa matarishi: wenyewe huifuata masjala, tena mbio.

Leo alikuwa nayo. Hakimu alikuwa ameitia saini asubuhi ile, kwamba fundi cherehani, mjane, asitolewe katika nyumba ambayo shemeji yake aliiuza kinyemela, mpaka kesi isikilizwe. Mjane mwenyewe alikuwa amechoshwa na njoo kesho za mahakama, hakujua kama amri imetoka. Alipoiona kofia ya Bundi ikikata kona, alipitia mlango wa uani akatoweka.

Hapo ndipo balaa lilipokuwa. Amri ile ilimlinda mtu aliyemo ndani. Dalali akiikuta nyumba tupu, angetia kufuli lake na kuapa kwamba mama kaondoka kwa hiari, na kulifungua kufuli hilo kungekuwa kesi nyingine.

Bundi alimweleza jirani kwamba amekuja kwa heri. Jirani akamuuliza kama hata kinyozi wa mtaa ule, siku alipotupiwa viti vyake nje, alijiwa kwa heri. Bundi aliitazama hati mkononi. Mwiko wa kazi yake ulikuwa mmoja, kwamba hati husomewa mwenyewe tu, na hakuwahi kuuvunja hata kwa mkewe.

Alivua kofia. Alitoka hadi katikati ya kichochoro, akaifungua karatasi, akaisoma kwa sauti kubwa tangu nambari ya shauri. Madirisha yalifunguka moja moja. Alipofika kwenye "asitolewe", alilisoma neno hilo mara mbili, akaendelea mpaka kwenye mhuri.

Aliikunja karatasi. Kisha nyuma ya tangi la maji mtu akauliza, "Jina lililoandikwa humo ni langu?"

"Ni lako, mama. Rudi ndani haraka, dalali asikukute nje."

Alirudi mbio, kanga imemlegea. Dalali alipofika na vijana wake na kufuli jipya, alimkuta mama amekaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, ingawa sindano haikuwa na uzi. Bundi alimkabidhi dalali nakala ya amri. Dalali aliisoma, akaigeuza nyuma kama anayetafuta afueni huko, akaondoka bila kuaga.

Ndipo mjane alipousimamisha mguu. Aliinuka, akaushika mkono wa tarishi kwa mikono yake yote miwili, akalia.

"Ahsante, baba. Mungu akulipe."

Bundi alikuwa na jibu moja tu kwa watu wa milangoni, lile alilowapa waliomlaani, na ndilo lililomtoka. "Mimi nimetumwa tu, mama."

"Wanaotumwa ni wengi. Wewe umefika."

Bundi aliibana kofia kwapani. Tangu aanze kazi ile hakuna aliyewahi kumshukuru, na hakujua mkono ule auache palepale au auondoe. Shukrani ilimjaa yeye aliyeshukuriwa, pengine kumpita mama mwenyewe.

Jirani aliingia na kiti cha kwake, akakifuta kwa upindo wa kanga, akamsogezea. "Kaa, mzee wangu," alisema, kwa sauti ya chini kidogo. "Usome tena. Mimi kwa ubishi wangu maneno yalinipita."

Wengine walikuwa wamekwisha kuingia, wamekaa sakafuni. Bundi aliketi, akavaa miwani, akaanza upya, polepole, tangu nambari ya shauri.