Kichwa cha Solange

"Usicheke, Bwana Lucien. Shavu linanikimbia."

Lucien akajikaza kwenye kigoda. Mchongaji, binti aitwaye Maëlle, alikuwa akibandika udongo kwenye sanamu, akifuatisha taya la Lucien, ila taya lenyewe lingeitwa la Solange, pacha wake. Solange alikuwa mwimbaji. Aliondoka mji wao, Vaurelle, angali msichana, akafia ng'ambo, na picha zake zote ni za jukwaani, uso umezama kwenye rangi. Sasa halmashauri ilitaka kichwa chake cha shaba katika bustani ya watu mashuhuri wa mji, kando ya jenerali na mtunga ramani. Kwa kuwa pacha wake alikuwapo, muuza kofia wa mtaa wa pili, wakamkalisha awe kielelezo.

"Leo ndiyo mwisho," Lucien alisema. "Kesho asubuhi napanda treni. Chumba nilichopanga Brest, nisipofika kesho, anapewa mwingine."

Bi Garrigou, naibu meya, alikuwa mlangoni.

"Brest? Kuna nini huko zaidi ya mvua?"

"Mvua nisiyoijua."

"We Lucien! Baba yako umemuuguza mpaka umemzika, leo kungoja siku mbili tatu kunakushinda? Mji huu ndio uliomzaa Solange, bwana."

"Na mimi pia."

Bi Garrigou alicheka kweli kweli, akampigapiga begani, akaenda zake.

Lucien alitazama chini. Katika bustani ile hapakuwa na hata mmoja aliyezeekea Vaurelle. Mji uliwasimamishia sanamu waliouacha. Waliobaki uliwatuma dukani.

"Njoo utazame," Maëlle alimwita.

Alitazama. Macho yangeweza kupita kuwa ya Solange. Lakini mdomo ule uliobanwa, wa mtu aliyemeza maneno miaka nenda miaka rudi, aliufahamu mno kutoka kwenye kioo chake.

Angenyamaza tu, angekuwa huru.

"Mdomo si wake," akasema.

"Wake ulikuwaje?"

Lucien aliinua kidevu, akaachama kama Solange alivyoachama siku ile alipomwimbia baba yao matusi kutoka kizingitini, begi mkononi. Sauti ikamtoka, kubwa, ngeni, mpaka vyombo vya kazi vikatetema mezani.

Maëlle akaung'oa mdomo wa udongo kwa kidole gumba.

"Huo huo! Ila mwanga umeisha. Kesho asubuhi ukae tena, Bwana Lucien?"

Akakifunika kichwa kwa kitambaa kilicholowa. Lucien alikuwa bado amesimama kinywa wazi, na baridi ya karakana ikimwingia mpaka kooni.