Geji Mpya ya Boila ya Germano

Jumamosi saa nne asubuhi, Armindo, fundi bomba, alizima boila ya kupasha joto nyumba ya mjane Deolinda Furtado pale mjini Fall River, akangoja ipoe, akafungua kizibo kilicho pembeni ya geji ya zamani ya kupimia presha. Natália, binti wa mjane, alimshikia tochi.

"Hii ya zamani inasoma mpaka pauni thelathini," alisema Armindo. "Boila ya nyumbani haitakiwi kuvuka mbili. Ni kama kupima chumvi kwa mizani ya viazi, dada."

Akazungusha utepe mweupe kwenye nyuzi, akafunga bomba fupi lililopindwa duara, akalijaza maji ili mvuke usiiunguze geji, kisha akakaza geji mpya inayoishia tatu. Alipowasha, mshale ulipanda ukagota mwisho.

"Nani anaipandisha hivi?"

"Baba."

"Si tulimzika mwaka juzi?"

"Tulimzika. Anashuka hapa kila siku saa kumi na moja na robo, saa aliyokuwa akitoka kiwandani."

Armindo akaguna. "Wazee wale wote ni hivyo. Wanadhani presha ndiyo joto. Ikizidi, vitundu vya hewa kwenye rejeta za vyumbani vinazibika, hewa haitoki, mvuke haufiki mwisho wa bomba."

Mwisho wa bomba ni chumba cha Natália. Amelala humo tangu ana miaka sita, na sasa ana arobaini na moja. Analala na koti.

Armindo alilegeza skrubu ya kupandishia presha mpaka mshale ukatulia kwenye moja na nusu. Saa sita rejeta ya Natália ilipiga mluzi, ikapata moto. Akakaa kitandani na blauzi tu, nje theluji inaanguka.

Saa kumi na moja na robo Germano aliingia kwa mlango wa chini, na suti aliyozikwa nayo, akapangusa viatu. Natália alikuwa anamsubiri kando ya boila.

"Baba, tazama. Moja na nusu, na chumba changu kimepata joto."

Germano alivaa miwani, akasoma. "Geji mbovu hiyo."

"Mpya, baba! Imefungwa leo!"

"Vitu vya siku hizi," alisema, akakaza skrubu.

"Miaka thelathini na tano, baba! Nimekukosea nini?"

"Horácio akija akute chumba cha baridi?"

Horácio ni kaka yake Natália. Alihamia Florida miaka kumi na tisa iliyopita, na hata mazikoni hakuja. Chumba chake kiko juu ya boila, kinapata mvuke kabla ya vyote.

"Chake kinapata joto hata kwa nusu pauni!"

"Basi kipate zaidi."

Natália alipanda jikoni. Deolinda alikuwa anakoroga supu ya sukuma na soseji.

"Mama, basi nihamie chumba cha Horácio."

"Na yeye alale wapi, kichwani kwako? Hebu mwite baba yako, supu inapoa."

Akamwita. Germano alikula mabakuli mawili, akasema chumvi imekaa sawa, akauliza kama Horácio amepiga simu. Hakuwa amepiga.

Baada ya kula, Deolinda alikwenda kufungua dirisha la chumba cha Horácio, maana joto mle lilikuwa limezidi.