Jemadari wa Bekari

Pale bekari, mwokaji mkuu aliitwa Jemadari. Jeshini hakuwa jemadari wala chochote cha kukaribia hapo. Alikuwa askari wa akiba wa cheo cha chini kabisa, mmoja wa wale raia wanaoitwa kambini kila mwaka wakatambae kwenye matope, walenge shabaha, wakaripiwe kidogo, kisha warudishwe makazini kwao. Wenzake walimpa cheo hicho kwa utani, naye akakipokea bila utani wowote.

Sheria ilikuwa wazi. Aliyeitwa mafunzoni anakwenda huku mshahara wake ukiendelea, na akirudi anaikuta nafasi yake. Mwenye bekari, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, hakuipenda sheria hiyo hata kidogo.

"Yaani nimlipe mtu akajifiche vichakani," alikuwa akisema kila wito ulipofika.

"Ni kwa ajili ya nchi, mama," Jemadari alimjibu, kifua mbele.

"Hiyo nchi ije basi inunue mikate yangu ikiungua."

Na mikate iliungua kweli. Hapo ndipo ilipokuwa raha ya Jemadari, na tusimung'unye maneno, ilikuwa raha chafu. Watu wengine wakienda likizo husahauliwa kabla hawajafika kwao. Yeye akienda, mikate inaungua nje na kubaki mibichi ndani, wenye maduka wanairudisha trei nzima nzima, na mama mwenye bekari anashika kichwa. Siku ya kurudi alipokewa mlangoni kama bwana harusi.

Siri ilikuwa kwenye kipimo cha joto. Mshale wa kipimo cha tanuri lile ulikuwa ukidanganya tangu zamani: ulionyesha joto pungufu kuliko lililokuwamo. Mgeni akiutazama anaongeza moto, na mambo yanaharibika hapo hapo. Jemadari alikuwa hautazami. Alichota unga kwa ncha za vidole, akaurusha kwenye sakafu ya tanuri, akaangalia. Ukigeuka wa kahawia polepole, trei ziingie. Ukifuka moshi, asubiri kwanza. Ni jambo ambalo mtu angefundishwa kabla kikombe cha chai hakijapoa. Ila kabla ya kuchota huo unga alihakikisha kila aliye karibu ana pa kwenda: huyu akalete trei, yule akaangalie kama gari limefika, mwingine akachungulie hamira. Na kusema kwamba kipimo ni kibovu hakusema, kwa sababu kingetengenezwa.

Miaka yote nafasi yake ilishikwa na waokaji wa kuazima, watu wa kuja na kuondoka, na wakiondoka na lawama zao hakuna aliyeumia sana. Mwaka huu mama alichoka na watu wa kuazima. Akasema mkandaji wa unga ndiye atakayesimama kwenye tanuri. Mkandaji huyo alikuwa mume wa mdogo wake Jemadari, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa, anayecheka wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka.

"Sasa shemeji, hili zimwi naliwezaje?" aliuliza siku ya mwisho, akilitazama tanuri.

"Fuata kipimo tu," Jemadari akamjibu huku akifunga begi lake.

Alilisema neno hilo hivyo hivyo, macho makavu. Njiani likamkera kidogo, kisha akalisahau.

Kambini simu zilikusanywa getini na kurudishwa Jumapili mchana tu. Jumapili ya kwanza akampigia mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito na daktari alikuwa amemwambia asiinuke kitandani ila kwa lazima.

"Kaka, huku si shwari," akasema hata salamu hazijaisha. "Mikate inaungua tangu uondoke. Mama mwenye bekari kampa mume wangu wiki hii tu. Ikiungua tena, aende zake. Na kwenye kukanda hamrudishi, keshaleta mtu mwingine. Na mimi hali yangu si unaijua? Akikosa kazi sasa hivi tutakwenda wapi?"

"Pole, mdogo wangu."

"Mume wangu hali chakula, halali usingizi. Ananiuliza mimi, eti labda mikono yake ndiyo mibaya. Hebu niambie nimwambie, wewe huwa unafanyaje?"

Jemadari akageuka. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya wanaume wanaongoja zamu ya kuzungumza na wake zao.

"Mwambie asiwe na papara," akasema. "Tanuri linataka uzoefu."

"Basi?"

"Basi."

Alirudisha simu, akaenda kukaa kwenye kivuli cha hema na kujipangia maneno. Akirudi atamwombea shemeji kwa mama. Mama hawezi kumkatalia yeye. Mambo yatakaa sawa, na shemeji mwenyewe atamshukuru. Mtu akiamua kujidanganya hakosi hoja, na Jemadari alikuwa nazo za kutosha kumfikisha usingizini.

Siku mbili baadaye akapangiwa lindo kwenye ghala la mafuta, zamu ya mchana. Aliyekuwa akitoka zamu ni kinyozi, askari wa akiba kama yeye, mtu wa maneno mengi. Pale kambini kulikuwa na utaratibu wao. Anayetoka lindoni haondoki mpaka amweleze anayeingia kila anachokijua kuhusu mahali pale, na anayeingia akirudie chote kwa sauti, sajenti akiwa amesimama anasikiliza.

"Komeo la chini linakwama, linyanyue kwanza ndiyo ulivute," kinyozi akaanza. "Hiyo ngazi ya kati imeoza, iruke. Dereva wa lori la maji hapigi honi, kwa hiyo usikae njiani kwake. Halafu usiegemee huo ukuta. Juu kuna nyigu." Akageuza kichwa kuonyesha sikio lililovimba likawa halina umbo la sikio. "Hili la nyigu nimelilipia mimi. Sioni kwa nini na wewe ulilipie."

Jemadari akarudia: komeo, ngazi, lori, nyigu.

"Kuna lolote umebakiza?" sajenti akamuuliza kinyozi, kama ilivyo desturi.

"Hakuna, afande."

Kinyozi akaenda zake akijishika sikio. Jemadari akabaki na ghala, jua na akili zake, na katika vitatu hivyo cha mwisho ndicho kilichomsumbua. Alijaribu kufikiria gwaride. Alijaribu kufikiria chakula. Kila alipogeuka alimwona shemeji amesimama mbele ya tanuri, mtiifu, anatazama mshale ambao yeye mwenyewe alimwambia autazame. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni bila nyigu.

Zamu yake ilipokwisha, akamkabidhi mwenzake komeo, ngazi, lori na nyigu, sawasawa.

"Kuna lolote umebakiza?" akauliza sajenti.

"Lipo, afande."

Sajenti, ambaye swali hilo alikuwa akiliuliza miaka nenda rudi bila kupata jibu la namna hiyo, akakunja uso. "Lipi?"

"Si la hapa. La kazini kwangu. Naomba simu."

"Simu Jumapili. Umefiwa?"

"Hapana, afande."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana, afande. Kuna mikate."

Sajenti alikuwa amesikia visingizio vya kila rangi, lakini hicho kilikuwa kipya, na huenda ndiyo maana alikubali. "Utapiga mbele yangu," akasema. "Na mimi niisikie hiyo mikate."

Basi Jemadari akapiga simu akiwa amesimama wima, sajenti hatua moja kutoka kwake. Shemeji alipopokea, mngurumo wa mashine ya kukandia ulisikika nyuma yake.

"Shemeji, usikitazame kipimo. Kinadanganya. Joto linakuwa kubwa kuliko kinavyoonyesha." Akamweleza habari ya unga, ncha za vidole, rangi ya kahawia, moshi. Alieleza vizuri, hakubakiza kitu.

Shemeji akasogea mbali na mashine.

"Kimeharibika lini?" shemeji akauliza.

"Zamani."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na uliniambia nikifuate."

"Nilikuambia."

Jemadari alingoja matusi. Alikuwa tayari kwa matusi, hata aliyatamani kidogo, maana yangemaliza jambo.

"Unga mkavu au wenye maji?" shemeji akauliza.

"Mkavu."

"Haya." Simu ikakatwa.

Sajenti akanyoosha mkono, akaipokea, akaitia mfukoni. "Lindo ungeniachia mimi namna hiyo," akasema, "ningekutia ndani." Kisha akamwambia aende akale.

Mafunzo yalipokwisha, Jemadari alirudi bekari mapema asubuhi, begi begani. Hakuna aliyekuja mlangoni. Watu walikuwa na kazi. Mikate ilikuwa ikitoka, imeiva sawia, na kwenye tanuri kulikuwa na kipimo kipya kinachong'aa. Shemeji alifuta mikono kwenye aproni, akampa mkono.

"Karibu, shemeji. Mdogo wako anakusalimia."

"Mama anajua?" Jemadari akauliza kwa sauti ya chini.

"Anajua kipimo kilikuwa kibovu. Hayo mengine ni ya kwetu nyumbani." Akarudi kwenye trei zake. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Jemadari angejua ajibu nini.

Mama mwenye bekari akatokea ofisini, akamtazama juu mpaka chini.

"Heee, umerudi! Zimekwisha hizo siku? Mbona hata sikuona zilivyokwenda." Alikuwa amefurahi kumwona, hilo halikuwa na shaka. "Mshahara wako haukuguswa, baba, na nafasi yako ipo. Lakini umekonda. Nenda nyumbani ukapumzike, uje wiki ijayo. Na hizo siku nitakulipa."

"Mama, siku hizo hazimo kwenye sheria."

"Sheria ya nini? Nakupa mimi. Huku hakuna tatizo lolote."

Akasema asante. Gari la mikate lilikuwa linatoka limejaa, akasogea ukutani kulipisha, kisha akatoka nyuma yake hadi barabarani. Ilimuuma, na kwa mara hii hakutafuta hoja ya kujitetea. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Alisimama pale na begi lake na wiki nzima ya kulipwa, asijue aelekee wapi.